Simbani, Mji wa Bondeni

Ukame ulikuwa umeingia mwaka wa pili, na wanyama wa kilima cha Kigongo walikuwa wamechoshwa na ushuru kuliko jua. Simba, mfalme wao, alidai fungu moja katika kila mafungu manne ya chakula. Ukileta pungufu alikutazama tu, mpaka ukaenda mwenyewe kutafuta jingine.

Fisi, mgawa viwanja wa mfalme, akaona mwanya. Chini ya kilima kulikuwa na bonde pana ambalo halikuwa na nyumba hata moja, maana kila masika mto ulipita humo humo. Sasa lilikuwa kavu.

"Mfalme wangu," alisema Fisi, "mfalme gani hana mji wenye jina lake? Watakaojenga bondeni uwasamehe ushuru kwa masika matatu. Mji utaota wenyewe."

"Utaitwa Simbani?"

"Kibao tumeshachonga."

Simba alikubali palepale. Fisi akachomeka na kifungu chake kidogo: atakayehama kabla ya masika matatu atalipa ushuru wote aliosamehewa, mara mbili. Kila aliyepewa kiwanja alimpelekea asante ya kutafuna, na Fisi hakuuliza imetoka wapi. Yeye mwenyewe aliendelea kuishi juu kabisa, mwambani.

Wa kwanza kushuka alikuwa Bi Kanga, mjane mwenye mayai kumi na moja na punje zisizomtosha hata yeye. Msamaha ule ulimtoa machozi. Digidigi, Nungunungu na wengine wakamfuata.

Siku moja Sungura, ambaye hakujenga popote kwa uvivu lakini aliuita busara, aliona siafu wamebeba mayai yao wakipanda kilima. Huko mbali mto unakotoka, mawingu yalikuwa meusi. Akashuka mbio.

"Shemeji Kanga, toka! Maji yanakuja!"

"Nitoke niende wapi, shemeji? Nikihama nitalipa mara mbili. Nitalipa nini, haya mayai?" Aliyaogopa maji, lakini alimwogopa Simba zaidi.

Sungura akajikuna sikio. "Nani kakwambia uhame? Nyumba yako hujaifungua bado."

Mila ya Kigongo ilikuwa hivi: nyumba mpya ikifunguliwa, mgawa kiwanja hula mlo wa kwanza ndani, peke yake. Wenye nyumba husubiri nje na watoto wao na vyombo vyao, wala hawaingii mpaka aseme, "Nimeshiba." Kwa kumjua Fisi, wote bondeni walikuwa wameikwepa mila hiyo.

"Kusubiri nje si kuhama," alisema Sungura. "Na kilimani napo ni nje."

Asubuhi iliyofuata nyumba zote zilifunguliwa siku moja, kila moja na sufuria yake. Wenyewe wakajipanga kilimani, Bi Kanga na mayai yake kikapuni. Fisi akashuka huku akicheka peke yake.

"Karibu, mzee!" alisema Sungura. "Anzia hii ya juu, umalizie ile ya mtoni."

Fisi alikula nyumba ya kwanza, ya pili, ya sita. Tumbo likaanza kuburutika chini. Kule mbali kukanguruma.

Bi Kanga akamwonea huruma. "Mzee Fisi, sema umeshiba utoke! Maji hayo!"

"Ndiyo ujanja wenu!" Fisi alijibu kutoka nyumba ya tisa, mdomo umejaa. "Mnataka mbaki na hii yenye mafuta!"

Maji yakaja mazito kwa matope. Yalianza na kibao, yakafuata nyumba. Fisi alionekana juu ya paa linaloelea, amekumbatia sufuria, akilia kwa sauti iliyofika mpaka kwa mfalme. "Nimeshiba! Jamani, nimeshiba!"

"Haya, kasema," Sungura aliwageukia wenzake. "Ruksa kuingia ndani."

Walicheka mpaka Nungunungu akadondosha miiba.

Simba hakucheka, kwa kuwa aliliona jina lake likienda na maji. Akaifuta amri ile siku hiyo hiyo, na msamaha akawapa watakaojenga kilimani. Mwamba wa Fisi akapewa Bi Kanga, na mayai yake yote yakaanguliwa huko. Fisi aliokotwa mbali sana, na viwanja hajagawa tena.

Kwa hiyo ukisamehewa ushuru ili ukajenge mahali fulani, kabla hujashukuru, muulize huyo anayekusamehe yeye analala wapi.