Barabara Isiyomwaga Kahawa

Palikuwa na sultani mmoja, Sultani Jabu wa Kizimkuu, aliyechukia kona kuliko alivyowachukia maadui zake. Maadui hawakumfanya lolote. Kona zilimmwagia kahawa. Kila akienda shambani kwake kupunga upepo, gari likipinda tu, kikombe nacho kinalala upande, na kanzu nyeupe inageuka ramani. Mji mzima ulijua. Siku moja ikamwagika pajani, nayo ya moto.

Kesho yake mpiga mbiu akapita mitaani. Inajengwa barabara mpya, kutoka jumba la Sultani hadi shamba la Sultani, iliyonyooka, isiyo na kona hata moja. Mwenye nyumba njiani ahame.

Na kwa kuwa hata masultani huona haya kidogo, mpiga mbiu akaongeza: barabara hii si ya Sultani, ni ya raia, ili malalamiko yao yamfikie upesi.

Mwenye nyumba njiani alikuwa Bi Mize, mjane muuza bajia. Nyumba yake ya udongo aliikandika yeye na marehemu mumewe, na mjukuu aliyemlea alikuwa anajiandaa kumleta mkewe humo humo. Bi Mize aliogopwa mtaa mzima kwa mdomo wake, lakini aliposikia ile mbiu alikaa chini akalia. Kisha akafuta machozi, akaepua karai la bajia, akajitanda kanga, huyoo barazani.

Sultani alikuwa amekaa na wakubwa wake. Pembeni alikuwepo Mhandisi Hamdani na kompyuta yake ya kuchorea barabara. Kiooni mlikuwa na mstari mwekundu, umepita chumbani kwa Bi Mize.

"Shikamoo, Mtukufu."

"Marahaba. Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kuuliza. Barabara chumbani kwangu inatafuta nini?"

"Iulize kompyuta. Sikuchora mimi."

"Kwani tumegombana lini, mimi na kompyuta?"

"Haigombani na mtu," alisema Sultani. "Haina shangazi, haina shemeji, haili rushwa. Wewe uilishe ukweli mtupu, nayo itakupa haki. Itakalosema utalitii wewe, nami nitalitii. Mashahidi hawa hapa."

Wakubwa wakaitikia kwa vichwa. Ndiyo kazi waliyoajiriwa.

Bi Mize akamgeukia mhandisi. "Mwanangu, umeilisha nini hata ikanichukia hivi?"

Hamdani akakohoa. Alikuwa mtu mkweli, ila alikuwa na watoto wa kulisha. "Bibi, kwanza huniuliza barabara inaanzia wapi na inaishia wapi. Kisha huuliza mwendo wa kinachopita. Mwendo ukiwa mkali, inanyoosha, watu wasije wakapinduka. Ukiwa mdogo, inapinda popote utakapo."

"Nawe ukatia mwendo gani?"

"Wa gari la Mtukufu."

"Likitembea?"

"Likikimbia, bibi."

Sultani akacheka. "Umesikia kwa masikio yako. Nenda kafunge mizigo."

"Nakwenda, Mtukufu. Ila barabara hii mbiu ilisema ni ya nani?"

"Ya raia."

"Si ya gari?"

Sultani akatazama nje. Watu walikuwa wameshajaa mlangoni, wametega masikio. "Ya raia," akasema. "Ya malalamiko yao."

"Kwa hiyo yatakayopita humo ni malalamiko?"

"Ndiyo hayo."

"Na kompyuta inalishwa ukweli mtupu?"

"Nimeshasema, mwanamke! Mtupu!"

Bi Mize akaikaza kanga yake. "Basi, mwanangu Hamdani, futa mwendo wa gari, andika mwendo wa malalamiko. Mimi nilileta hapa lalamiko la kisima cha mtaa kilichoporomoka, mjukuu wangu angali tumboni mwa mamake. Leo anaoa, na lalamiko bado liko njiani linakuja. Tia mwendo huo. Ukiona barabara haikupinda ikamkwepa hata kuku wangu anayeatamia uani, nyumba nitaibomoa kwa mikono yangu."

Hamdani akamtazama Sultani. Sultani akaitazama kanzu yake.

"Na wewe, Mtukufu, usiwe na wasiwasi na kona," alisema Bi Mize. "Kwa mwendo huo, kahawa haimwagiki."