Halua Nyekundu ya Sultani Hatibu

Hapo zamani, katika mji mmoja wa mwambao, aliishi fukara mmoja jina lake Makungu, ambaye riziki yake ilikuwa ukoko wa halua. Bi Zuwena, mpishi wa Sultani Hatibu, kila akiisha kupika, Makungu huisugua sufuria, na ukoko ndio ujira wake.

Ikawa siku moja Sultani amekwisha kula sinia nzima ya halua nyekundu, ndipo waziri wake akamnong'oneza kwamba wekundu ule, kwa alivyosikia, ni wadudu waliosagwa. Sultani akashikwa na hofu, asijue alichokula ni halali au haramu. Akaamuru Bi Zuwena akamatwe, kisha akasema, "Nataka kuiona rangi hiyo peke yake, isiyo na sukari, wala samli, wala wanga. Isipoletwa kabla ya alasiri, sufuria itobolewe na mpishi afungwe."

Basi wanazuoni wakafunua vitabu, na tabibu akatega sikio kwenye sinia tupu, asikilize kama kuna mdudu anayelia. Makungu alipopata habari kwamba sufuria itatobolewa, akaenda barazani mbio, ameshika kioo.

"Bwana wangu, rangi nimeileta. Tafadhali toa ulimi."

Sultani akautoa ulimi, akajitazama kiooni, akauona mwekundu kama kilemba cha jogoo.

"Sukari umeimeza," akasema Makungu, "samli umeimeza, na wanga umeumeza. Iliyobaki ndiyo rangi peke yake."

"Nimeiona," akajibu Sultani, ulimi ungali nje. "Lakini nitajuaje kama ni mdudu?"

"Wewe ulitaka kuiona, bwana. Ukitaka kuijua, muulize aliyeitia."

Hapo wakatazamana, kwa kuwa hapana hata mmoja aliyekuwa amemuuliza Bi Zuwena. Akaletwa, naye akasema kwa upole, "Ni maji ya komamanga, bwana. Makomamanga huyachuma bustanini mwako, na waziri ndiye anifunguliaye mlango."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka, na waziri akainamia viatu vyake. Bi Zuwena akaachiwa, akaombwa radhi mbele ya watu wote.

"Nawe Makungu, wataka nini?"

"Sinia moja ya halua, bwana, ila niletewe kabla haijapita kwako."

Akapewa, naye akaila pale pale barazani, na waziri akamshikia sinia.