Sahani ya Mwamvita

Kusugua kioo si kutakasa maji. Mmeisikia leo sokoni, mkacheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ina mwenyewe, na ilizaliwa Ujiji, nyumbani kwa Mzee Tambwe, fundi viatu.

Mzee Tambwe alifiwa na mkewe, Mwamvita. Vitu viwili vya marehemu vikamshinda kugawa: kiti chake cha kamba, na tangi la kioo alimofugia samaki wadogo wa ziwani, wa manjano wenye milia. Jioni Mwamvita alikuwa akiketi nyuma ya tangi, mumewe akishona viatu upande wa pili, wakizungumza huku samaki wakipita katikati ya nyuso zao. Hicho tu ndicho alichokitamani mzee: atazame pale tena, amwone walau kwa mawazo.

Lakini kioo kilikuwa kikiota utando wa kijani. Akikisugua kwa gunzi, kinang'aa. Akigeuka tu, kijani kimerudi, kizito kama blanketi. Samaki wakawa vivuli.

"Ni watu wa maji hawa," akasema. Kwake yeye wakubwa hawajawahi kumtendea mnyonge jema. Huko hospitali walisema dawa imekwisha, Mwamvita akaenda zake. Sasa wanamfungulia bombani maji machafu, wamfutie hata kumbukumbu. Akajaza chupa maji ya tangi, akampelekea mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akaitazama kwa mbali, akasema, "Tutalishughulikia, mzee." Mzee Tambwe akarudi kwenye gunzi lake.

Ndipo akaja Tausi, mdogo wa marehemu Mwamvita, kumjulia hali. Akamkuta kajikunja mbele ya kioo.

"Shemeji, umeoa tangi siku hizi?"

"Afadhali tangi. Halina ndugu wenye midomo."

Tausi akacheka, akaenda uani, akakinga maji ya bomba kikombe kimoja. "Tazama, meupe. Watu wa maji wana madhambi yao, lakini hili si lao."

"La nani basi?"

Tausi akalizunguka tangi, akichungulia. Chakula kilikuwa tayari. Mzee akapakua ugali na dagaa sahani mbili, kama alivyofanya tangu matanga yaanuliwe. Tausi akadhani ya pili ni yake, akanyoosha mkono. Shemeji yake akaisogeza mbele ya kile kiti kitupu. Alipomaliza kula, akaichukua vilevile ilivyo, haijaguswa, akaimwaga tangini.

"Huwa unafanya hivi kila siku?" Tausi akauliza, sauti imeshuka.

"Ni chakula chake. Nikakitupe jalalani? Bora wale samaki wake."

Tausi akazamisha mkono mpaka chini ya tangi, akatoa konzi la matope meusi, ugali uliooza, unanuka. "Hawaumalizi, shemeji. Huu ndio mbolea ya hicho kijani. Utasugua mpaka magunzi yaishe Ujiji. Kusugua kioo si kutakasa maji."

Mzee akatazama lile konzi. "Unaniambia nipike sahani moja."

"Nakuambia dada hali tena."

Wakanyonya uchafu kwa mpira wa maji, wakapunguza maji ya zamani na kuongeza mapya kidogo kidogo, wakaliondoa tangi kwenye jua la dirishani. Kesho yake mzee akachota unga kwa mazoea, akasimama nao, kisha akarudisha nusu debeni. Kusugua hakukuwahi kumchosha namna ile.

Kijani kikapungua polepole, bila gunzi. Jioni moja akainua macho kutoka kwenye kiatu. Samaki wa manjano wakapita, na nyuma yao kiti kikaonekana wazi, kitupu. Hakukikwepa. Akaanza kukisimulia habari za siku: bei ya gundi, kisigino cha mke wa imamu, uongo wa mwenyekiti.

Tausi akalisema neno lake sokoni, na soko halina siri. Tangu hapo, mtu akihangaika na la juu, kumbe la chini analilisha kwa mkono wake mwenyewe, huambiwa kwa upole, maana huenda mkono huo unalisha mpendwa: kusugua kioo si kutakasa maji.