Vijiko Vitatu kwa Kila Mkono wa Shati

Methali ya haba na haba kila mtu anaijua, ila wengi huitamka wakiwa na sahani zilizojaa. Maana yake si ngumu: kidogo kisichokatika hufika ambako pupa haifiki. Kazi ni kuiishi.

Alikuwepo mshonaji mmoja wa sare za shule. Unene ulipomlemea hadi kupumua kukawa kibarua, madaktari walimpasua wakalipunguza tumbo lake la chakula, likabaki dogo kama kikombe cha kahawa. Wakamwambia asibebe mimba mpaka mwili utulie. Akangoja miaka miwili. Mimba ilipoingia, akajiwekea sheria: kila akimaliza mkono mmoja wa shati, anakula vijiko vitatu. Maharage, yai au samaki. Kisha anarudi cherehanini.

Mimba ikiwa ya miezi mitano, mamamkwe akaja kukaa naye na mumewe. Alipoona vile vijiko, akashika kichwa.

"Mwanangu, huko ni kula au kuonja? Mko wawili!"

"Tuko wawili, mama, lakini tumbo la chakula ni moja, tena nusu."

"Basi akizaliwa kama mjusi, naondoka naye nikamlee mwenyewe. Mume wako ameshakubali."

Mume, aliyekuwa mlangoni, akainama kutafuta kiatu alichokuwa amekivaa.

Siku hiyohiyo mamamkwe akaleta bilauri ya maziwa yaliyokolea sukari, akamsimamia kama askari. Mshonaji akanywa yote. Robo saa haikwisha, sukari ikalizidi lile tumbo dogo: jasho likamtiririka, moyo ukaenda mbio kuliko cherehani, akaanguka chali juu ya vitambaa vya watu.

Alipoweza kukaa, hakulia.

"Mama, kwa heshima nimekunywa, na kwa heshima sinywi tena. Nilipokuwa mnene mliniita gunia. Nimepungua, mnaniita ufagio. Mwili huu una mwenyewe. Na mtoto haendi popote."

"Kliniki ndiyo itasema!"

"Twende wote."

Kliniki, mkunga alipima tumbo la mimba akakunja uso: dogo kwa miezi yake. Mamamkwe akaguna kwa ushindi. Lakini daktari alipomtazama mtoto kwenye picha, alisema ni mwembamba, ila anakua. Mjamzito asiguse sukari nyingi, asijaze sahani. Aongeze mara za kula, na arudi kila baada ya wiki mbili.

Basi hata kola ikapewa vijiko vyake, na mfuko vyake. Majirani wakamtania dirishani, "Fundi, leo umekula mashati mangapi?"

"Manne, na la tano naliona linanikonyeza!"

Mamamkwe hakucheka. Alikwenda naye kila kipimo, akisubiri kosa. Kila kipimo mtoto alikuwa ameongezeka, kidogo tu, lakini kilichoongezeka hakikurudi nyuma.

Alijifungua asubuhi, mtoto wa kike mwenye sauti ya king'ora. Mizani ikasema kilo tatu kasorobo.

"Hebu mpime tena," mamamkwe akamwambia mkunga.

Akapimwa tena. Mizani haikubadili neno.

Bibi akambeba mjukuu, akamgeuza huku na huku akitafuta mjusi, asimwone. Mshonaji akanyoosha mikono kitandani.

"Nipe mwanangu, mama."

Mamamkwe akasita, akamtazama mwanawe wa kiume aliyesimama kando ya kitanda. Safari hii mume hakuinama. Bibi akampa mtoto.

Haba na haba hujaza kibaba, wala kibaba kikishajaa hakiulizwi kilijazwa kwa kijiko au kwa sufuria.