Chumvi na Pori

Chumvi haiishii chemchemini, huishia porini.

Mmeisikia leo mkutanoni. Wageni wa mgodi walipomaliza kutueleza kwamba mlima wetu una dhahabu ya kuwatosha hata wajukuu wa wajukuu zetu, Bi Milembe alisimama, akayasema maneno hayo, akaketi. Mkacheka. Chumvi na dhahabu wapi na wapi! Sasa mmekuja kutaka maelezo, na kuuliza si ujinga, basi kaeni. Hata ninyi mnaotupia macho njiani kwa haraka ya kwenda kutazama mpira, kaeni. Methali hii ina kwao, nako ni Nyakasumo, na mambo yalikwenda hivi.

Nyakasumo ni bonde la huko magharibi, ndani ya mapori ya miombo. Katikati ya bonde hilo maji ya chumvi hububujika kutoka ardhini, kiangazi na masika. Zamani watu waliyachota kwa mitungi, wakayachemsha kwa vyungu mpaka maji yakaisha na chumvi ikabaki chini, nyeupe. Kwa chumvi hiyo walipata mtama, majembe, mbuzi, na hata wachumba. Kila familia ilikuwa na jiko lake la kuchemshia, na jiko halikurithiwa na mtoto wa kiume. Mama alimwachia binti.

Msimu ulipoanza, chumvi ya chungu cha kwanza haikuliwa. Ilirudishwa chemchemini kwa shukrani, watu wakipiga vigelegele. Chemchemi ilishukuriwa, ilisifiwa, tena iliwekewa mlinzi. Pori lililotoa kuni halikupewa hata punje. Nani ashukuru kuni? Kuni ni kuni tu.

Mlinzi wa siku hizo aliitwa Mgalula. Kazi hiyo aliachiwa na mjomba wake, ambaye alipokuwa akikata roho alimshika mkono akamwambia, "Isije ikafia mikononi mwako." Mgalula alikuwa mtu mwema, asiye na makuu, mwoga kidogo. Tangu siku hiyo usingizi ulimpaa.

Mkewe alikuwa amefariki, na binti yake wa pekee, Mwashi, ndiye aliyeshika jiko la marehemu mama yake. Mwashi aliolewa na Nsolo, kijana wa kutoka upande wa ziwa, aliyekubali kuishi ukweni kwa sababu ya chumvi. Mgalula alilijua hilo vizuri. Chumvi ikiisha, Nsolo atafunga mizigo, na Mwashi atamfuata mumewe. Mzee alikuwa akimwomba Mungu ampe mjukuu wa kukulia palepale bondeni, mbele ya macho yake. Hakuomba kingine.

Ukaja mwaka wa ukame. Maji ya chemchemi yakashuka, jiwe jeusi ambalo hakuna aliyewahi kuliona likiwa kavu likatokeza mgongo juani. Mgalula aliliona. Akaitisha watu wote.

"Jamani, chumvi inatuishia," akasema. "Tukichota ovyo, watoto wetu watakuja kulamba mawe."

Akaamuru chemchemi izungushiwe ua. Hakutaka ua wa miiba, alitaka magogo manene yasimame bega kwa bega. Miti mikubwa iliyokuwa karibu ikaangushwa kwa kazi hiyo. Kisha akaweka lango na zamu: kila jiko lichote kwa kipimo, kisha lisubiri mpaka zamu yake irudi.

Sasa oneni binadamu alivyo. Kabla ya ua, mtu alichemsha chungu chake polepole huku akipiga soga na jirani. Baada ya kuambiwa chumvi inaisha, kila mmoja alitaka kujaza ghala lake kabla mwenzake hajajaza. Mioto ikawa mikubwa, ili chungu kikauke upesi na mwenyewe awahi foleni langoni. Waliozoea kuokota matawi makavu wakaanza kuangusha miti mibichi. Vilima vikabaki uchi, kimoja baada ya kingine, na machipukizi yaliyojaribu kuota kwenye visiki yakaliwa na mbuzi. Mgalula alikuwa ameketi langoni mchana kutwa, amevipa vilima mgongo. Macho yake yalikuwa kwenye maji.

Siku moja dada yake mkubwa, Kalunde, alipita hapo akitoka kuni, mzigo kichwani, visigino vimepasuka.

"Mgalula, mdogo wangu, kuni zimekwenda mbali."

"Kuni hazikosekani, dada. Pori ni la Mungu."

"Na chemchemi ni ya nani?"

Mgalula alikuwa ameshageuka, akimkemea mtu aliyejaza mtungi kupita kipimo.

Mvua zikarudi. Maji yakapanda, yakalifunika lile jiwe, na Mgalula akazunguka bonde zima akitangaza habari njema. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba ua ndio ulioiponya chemchemi. Lakini msimu ulipofunguliwa, foleni langoni ilikuwa fupi. Msimu uliofuata ikawa fupi zaidi. Wanawake walikuwa wakitoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua likizama, na mzigo wote ule ukawa majivu kabla maji hayajageuka chumvi. Jiko moja likazimika, kisha la jirani yake. Watu wakaanza kuhama, wakiaga kwa haya, macho chini.

"Maji yamejaa hivi," Mgalula alinung'unika, "nao wanakimbia! Binadamu hana shukrani."

Katika hali hiyo Mwashi akajifungua mtoto wa kike. Furaha ya babu haisimuliki. Lakini desturi ya Nyakasumo ilikuwa kwamba mtoto hatolewi nje wala hapewi jina mpaka aonjeshwe chumvi mpya, iliyochemshwa kwenye jiko la mama yake. Siku ya kumtoa ilipofika, jiko la Mwashi lilikuwa baridi. Nsolo alikwenda porini, akarudi na vijiti visivyotosha hata kuivisha uji.

Asubuhi hiyo Mgalula, akiwa ndani ya kibanda chake, akasikia shoka. Akatoka mbio. Kalunde alikuwa ameinama kwenye ua, akilipiga gogo la kwanza.

"Dada! Umepatwa na nini?"

"Nataka kuni."

"Huu ni ua wa chemchemi!"

"Naujua. Nimezunguka vilima vyote, mdogo wangu. Magogo yaliyobaki Nyakasumo ni haya yako."

"Lakini ua huu unalinda chumvi ya huyohuyo mtoto!"

"Chumvi ipi?" Kalunde akauliza. Hakuuliza kwa hasira, alikuwa amechoka mno kukasirika. Akaingia ndani ya ua, akachota maji kwa kata, akamnyooshea. "Haya, mpelekee Mwashi hii. Mwambie amtoe mwanawe kwa maji. Mwambie babu amelinda sana, lakini chumvi yenyewe hakuna."

Mgalula akaipokea ile kata. Akageuka, kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa ukame, akavitazama vilima. Aliona visiki na vumbi jekundu, basi. Akakumbuka kwamba alipokuwa kijana, pori lilianzia kwenye kuta za vibanda, na mtu alichuma uyoga akiwa ameketi mlangoni. Jamani, inauma kugundua kwamba umekesha miaka ukilinda mlango ambao mwizi hakuupitia. Mzee akaketi chini, akalia, na dada yake akamwacha alie.

Kisha akainuka, akalichukua shoka mikononi mwa Kalunde. Gogo la kwanza alilikata yeye mwenyewe, na la pili, akayabeba begani mpaka jikoni kwa binti yake.

Chungu kikachemka. Mtoto akaonjeshwa, akakunja uso kwa ukali wa chumvi, na watu wachache waliobaki wakacheka, wakapiga vigelegele. Akaitwa Kabula. Siku zilizofuata ua uliendelea kupungua, na kila jiko lilipata vyungu vyake vichache. Ulipokwisha kabisa, Nsolo alikuja kwa baba mkwe wake, akachutama mbali kidogo kwa adabu.

"Baba, mimi sipachukii hapa. Hapa nimepata mke, nimepata mtoto. Lakini kesho nichochee nini chini ya chungu?"

Neno ambalo Mgalula alikuwa akiliogopa tangu siku ya harusi lilikuwa limefika.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Nitunzie binti yangu."

Aliwasindikiza mpaka mtoni. Walipovuka akabaki amesimama ukingoni, akiwapungia mkono hata baada ya njia kuwameza.

Miaka ikapita. Huko ziwani Mwashi akasikia kwa wasafiri kwamba chemchemi ya Nyakasumo haina tena mlinzi, na kila apitaye huchota atakavyo. Kwa jinsi alivyomjua baba yake, habari hiyo ilikuwa na maana moja tu: mzee amekufa. Akalia matanga, kisha akamchukua Kabula, ambaye sasa alikuwa binti wa kutembea safari ndefu, wakaenda kulitafuta kaburi.

Walikuta chemchemi wazi, maji tele, hapana hata ufito wa ua. Pembeni, majiko mawili matatu yalikuwa yakifuka moshi mwembamba. Kwenye mojawapo walimkuta Kalunde, mkongwe sasa, akipuliza moto. Mwashi alipomwuliza kaburi liko wapi, bibi huyo akaangua kicheko, akamwonyesha kilima.

Mgalula alikuwa huko juu, amekonda, fimbo mkononi, akiwafukuza mbuzi wa watu. Kila kisiki kilikuwa kimechipua, na machipukizi mengine yalikwisha kumpita kimo. Kwenye upande mmoja wa kilima aliwaruhusu watu waokote matawi makavu. Upande mwingine aliupumzisha, na ole wake aliyekanyaga huko na shoka.

Mwashi akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Huyu ndiye Kabula?"

"Ndiye. Baba, tumeshakulilia matanga! Mbona umeiacha chemchemi bila mlinzi? Kumbe ulikata tamaa?"

Kabula alikuwa ameshika chipukizi moja, anataka kulivunja apate fimbo ya kuchezea. Babu yake akamfungua vidole taratibu, kimoja kimoja, akamkalisha karibu naye. Ndipo akamjibu binti yake.

"Sijaacha kulinda, mama. Nimehamia kule inakoishia. Chumvi haiishii chemchemini, huishia porini."