Katibu wa Nguzo na Kanuni ya Tano

Kulikuwa na katibu mmoja, ndugu zangu, katibu wa chama ambacho nikikitaja mtacheka. Kwa hiyo chekeni mapema tumalize. Kilikuwa chama cha watu wanaosaka nguzo.

Si nguzo za umeme. Zile nguzo nene za zege, za mviringo, zilizosimamishwa pembeni mwa barabara zamani ili watu wabandike matangazo: leo kuna mechi, kesho kuna filamu, Jumapili kuna mkutano wa injili na wagonjwa wataombewa. Mji ule ulikuwa nazo nyingi. Nyingine zimezingirwa na vibanda, nyingine zimemezwa na kuta za watu. Mchezo wao ulikuwa huu: unazunguka mjini na simu yako, ukiona nguzo ambayo hakuna aliyewahi kuiandikisha, unaipiga picha, unatia alama kwenye ramani ya simu, unaituma kwenye kundi. Katibu anaikagua, akiridhika anaiandika kwenye orodha na jina lako mbele yake. Basi. Hakuna kombe, hakuna zawadi. Mnacheka nini? Humu ndani kuna mtu anajua magoli yote ya mchezaji ambaye hajawahi hata kumsalimia.

Katibu huyu ndiye aliyekianzisha chama, na jina lake lilikuwa juu ya orodha kwa miaka minne. Nguzo thelathini na moja! Na namba moja ilikuwa fahari ya maisha yake. Ilikuwa nyuma ya godauni la pamba lililofungwa, mahali ambapo barabara ilipita zamani kabla haijahamishwa. Wenzake walionyeshwa picha tu. Mahali ilipo hakumwambia mtu. Wanachama wote walitakiwa kutia alama kwenye ramani, isipokuwa yeye kwa ile moja. Mnajua namna hiyo ya sheria. Tunazo hata kanisani.

Siku moja akaingia mwanachama mpya, dada mmoja fundi cherehani. Wiki ya kwanza akaleta nguzo tatu. Katibu akaandika kwa furaha, akasema mgeni njoo mwenyeji apone. Wiki ya pili akaleta saba. Katibu akaandika bila furaha. Wiki ya tatu akaleta kumi na moja, na nyingine zilikuwa kwenye vichochoro ambavyo katibu amepita maisha yake yote asione kitu. Wiki ya tano dada alikuwa na arobaini na tatu, na jina la katibu likashuka likakaa la pili.

La pili, ndugu zangu. Mmewahi kuwa wa pili mahali mlipozoea kuwa wa kwanza? Basi mnajua chakula kinavyokuwa. Mke wake alimwekea chai, chai ikapoa, akamwekea nyingine.

"We baba, una nini?"

"Ameleta nyingine."

"Nani?"

"Yule."

"Sasa nguzo za mji zimekuwa zako? Mwache azione, ana macho."

Neno hilo likamchoma zaidi. Ana macho! Kwani yeye ana nini usoni? Akakaa na simu yake akiwaza: huyu mwanamke anazipata wapi? Lazima kuna mtu anampa siri. Lazima ana njia ya mkato. Hakuna anayezunguka kiasi hicho kwa miguu kwa kupenda tu.

Kwenye hilo la mwisho alikuwa sahihi. Likumbukeni.

Basi mtu akishikwa na wivu huku ana kalamu ya ukatibu mkononi, huandika kanuni. Kanuni ya kwanza: nguzo iwe mviringo. Za dada zote zilikuwa mviringo. Kanuni ya pili: iwe imempita mtu mzima kwa kimo. Za dada zilikuwa zimempita. Moja ya katibu mwenyewe haikufika, akaipiga picha upya akiwa amechuchumaa.

Jumatatu moja dada akampigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Shikamoo Katibu. Samahani, ile namba moja yako iko wapi? Nina shida kidogo, naomba unielekeze, nitaku..."

"Dada," akamkata, "kanuni ni kanuni."

"Kanuni ipi, Katibu?"

Hapakuwa na kanuni. Alipokata simu ndipo akaiandika. Ya tatu: mwanachama ambaye hajatimiza mwaka haruhusiwi kuuliza mahali pa nguzo ya mwenzake. Akaituma kwenye kundi, akahisi afadhali kidogo, kama mtu aliyejikuna. Anazo arobaini na tatu, na sasa anaitaka na hii yangu!

Lakini wivu haushibi. Jumanne akaketi na picha zote arobaini na tatu, akawa anazikuza kwa vidole viwili, akitafuta kasoro. Na aliyetafuta akaona. Kila nguzo ya dada ilikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa usawa wa kifua, imeandikwa kwa mkono, kwa wino wa bluu. Kila moja! Katibu akaruka kwenye kiti. Kumbe anatia chapa yake, anazifanya zake! Akaandika kanuni ya nne: nguzo yenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono haihesabiki. Kisha akaona katika picha nyingi za dada kuna watu wamesimama wameikazia macho nguzo, mpiga rangi viatu, mama wa maandazi, mwanafunzi na begi lake. Akaandika ya tano: picha isiwe na mtu.

Nawauliza. Mtu huyu alizikuza picha arobaini na tatu mpaka akaona rangi ya wino. Aliona mwandiko. Kwa nini hakusoma kilichoandikwa? Kwa sababu hakuwa anasoma, alikuwa anatafuta kosa. Na wewe ukimwangalia jirani yako, huwa unafanya lipi?

Sasa kanuni ya tano ikamrudia kidogo. Picha yake ya namba moja, ile ya fahari, ilikuwa na mtu wa baiskeli pembeni. Alhamisi mchana akaenda nyuma ya godauni kuipiga upya. Akakuta mzee ameketi kwenye kitako cha nguzo. Alivaa koti la kijivu, vifungo vimepishana, na mbele ya miguu yake kulikuwa na kopo tupu. Alikuwa anapapasa zege kwa kiganja, juu chini, polepole, kama mtu anayelainisha karatasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta gundi?"

"Gundi gani?"

"Mwanangu kaenda kuleta gundi. Nikimaliza hii nashuka mjini. Zote huwa naanzia hapa."

Mtamwonea huruma, najua. Lakini katibu aliposikia "zote huwa naanzia hapa", nywele zilimsimama. Hata mzee asiyejua leo ni siku gani naye anaidai nguzo yangu! Akamwita mlinzi wa godauni.

"Mtoe huyu, ananiharibia picha. Na asirudi."

"Huyu mzee hana tabu, bosi. Siku ya tisa hii yuko hapa, nampa uji."

"Nimesema mtoe."

Mlinzi akamwinua mzee kwa mkono. Katibu akapiga picha yake. Nguzo, zege, jua zuri, hakuna mtu. Picha safi kabisa.

Ijumaa alfajiri dada akatuma kwenye kundi ujumbe mrefu. Katibu akaona jina, akaona urefu, akajua ni malalamiko juu ya kanuni. Kiongozi wa kundi ana uwezo wa kufuta, na yeye alikuwa kiongozi. Akaufuta kabla wenzake hawajaamka. Akaandika chini yake: kundi hili ni la nguzo tu, mambo binafsi tuyaache nyumbani. Ninyi viongozi wa makundi ya simu mliomo humu, msiinamishe vichwa, bado sijamaliza.

Jumamosi saa tisa chama kikakutana kwenye mgahawa wao. Katibu akasoma kanuni tano. Kwa kanuni hizo, nguzo zote arobaini na tatu za dada zikafutwa. Jina la katibu likapanda likarudi mahali pake, na chai siku hiyo ilikuwa tamu. Hapo mlangoni akaingia dada mwenyewe. Hakuwahi kuja kwenye kikao hata kimoja. Viatu vyake vilikuwa vimeisha visigino. Katibu akafurahi moyoni: amekuja kuomba, na aombe.

Dada hakukaa.

"Zifuteni zote, Katibu. Sikuja kwa hesabu. Naomba tu uniambie namba moja iko wapi."

"Unaitakia nini?"

Akatoa karatasi kwenye pochi, akaiweka mezani. Ndogo, ya mkono, wino wa bluu. Na kwa mara ya kwanza katibu akaisoma.

"Anatafutwa Mzee Hezroni Mahundi, mbandika matangazo wa zamani. Kumbukumbu zimempotea. Amevaa koti la kijivu, anashika kopo. Ukimwona tafadhali mpe maji, umwambie mwanao analeta gundi, asiondoke. Kisha unipigie kwa namba hii."

"Miaka thelathini alibandika kwenye nguzo za mji huu," dada akasema. "Nilikuwa namfuata nyuma nimebeba kopo la gundi. Nikajua popote alipo, atakuwa anazifuata nguzo zake. Ndiyo maana nikajiunga na ninyi, mna ramani. Nyingi nilizikumbuka mwenyewe. Ila ya kwanza, ile aliyokuwa anaanzia, sikumbuki. Wakati huo nilikuwa bado mgongoni kwa mama. Na ramani yenu imekosa moja tu, namba moja yako."

Mnaona sasa? Alizipata zile nguzo kwa sababu alikuwa na kidonda. Wiki tano katibu alikuwa anamwonea wivu mtu aliyefiwa na usingizi. Aliutamani msiba akidhani ni ushindi.

Katibu aliinuka, akaacha chai na orodha, akatangulia njia, na dada nyuma yake, na wenzao nyuma. Walikwenda karibu wakimbie. Nyuma ya godauni nguzo ilikuwa imesimama na kopo liko chini, pale pale. Mlinzi akatoka.

"Mzee yuko wapi?" katibu akauliza.

"Si wewe uliniambia nimtoe? Nilimshika mkono Alhamisi ile ile, nikampeleka mpaka barabara ya lami. Akaniuliza kama huko ndiko gundi inakotokea. Nikamwambia ndiyo, ili aende."

Dada aliinama akaliokota kopo. Alimtazama katibu bila kupaza sauti.

"Jumatatu nilikuuliza," akasema.

Kisha akageuka, akaenda upande wa lami.

Najua mnataka nini. Mnataka niwaambie mzee alipatikana, mpumue, mwende kula. Sitawaambia. Wenzake wote walimfuata dada. Katibu alibaki pale na simu mkononi, na kwenye simu kuna picha. Nguzo ni mviringo. Imempita mtu kwa kimo. Mgeni hakuambiwa ilipo. Haina karatasi ya mkono. Na haina mtu. Kanuni zote tano zimetimia.

Wapendwa, huyu katibu si mtu wa mbali. Mimi nimekuwa yeye. Miaka ile niko kwaya, alikuja kijana anaimba kunishinda, na ni mimi niliyependekeza kwamba mgeni asiimbe peke yake mpaka akae miezi sita. Nilisema ni kwa ajili ya utaratibu. Wote wakaitikia, kwa sababu utaratibu ni neno zuri. Kijana alikaa wiki tatu akaondoka, na mpaka leo sijui alikuwa amekuja kutafuta nini kwetu. Sikumuuliza. Wivu hauulizi, wivu unahesabu.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Sisi tunaona vinaelea, tunaanza kutoboa. Mama mmoja anawahi ibadani kila siku, tunasema anajipendekeza kwa mchungaji. Je, kama nyumbani kwake hakukaliki? Jirani anafanya kazi mpaka Jumapili, tunasema ana tamaa. Je, kama ana mtu wake kitandani hospitalini? Tuna kamati zetu, tuna orodha zetu, tuna kanuni ambazo tarehe zake tukizichunguza vizuri tutakuta ziliandikwa siku ile mtu fulani alipotupita.

Sikatazi kanuni. Chama bila kanuni ni soko. Ninachosema ni kwamba kabla hujaandika nyingine, usome kwanza ile karatasi ndogo ambayo mwenzako ameibandika usawa wa kifua. Imeandikwa kwa mkono, kwa sababu hana uwezo wa kuichapa. Na inawezekana mtu anayemtafuta amekaa kwenye nguzo yako, na wewe peke yako ndiye unayejua mahali ilipo.

Kwa hiyo leo tusiimbe wimbo wa kufunga kwanza. Geuka. Yule ambaye mwaka huu amekupita, yule ambaye jina lake likitajwa chai yako inapoa, yumo humu humu, unajua ameketi benchi gani. Nenda kwake. Usimpongeze, hatakuamini. Muulize tu: "Ndugu yangu, unamtafuta nani?"

Nendeni. Ninangoja.