Zamu ya Mwisho ya Ngalula

Mali iliyo mikononi mwa mwenzio ni yako kwa maneno tu. Siku ya dhiki huwezi kuinyooshea mkono. Ngalula alilijua hilo kwa watu wote, isipokuwa kwa nafsi yake.

Alikuwa mjane aliyeuza unga wa mahindi sokoni Manika, mjini Kolwezi, kusini mwa Kongo, na ndiye aliyeongoza likelemba ya wanawake wenzake: kila mwezi wote walichanga, mmoja akabeba fungu zima. Kazi yake ilikuwa kupanga zamu, na katika kazi hiyo hakuwa na masihara. Alichunguza nani hulipa ushuru wa meza, nani mumewe mlevi, nani ana ndugu wa kumdhamini. Waliotiliwa shaka aliwasukuma nyuma, wachange kwanza ndipo wale. Yeye mwenyewe alishika mkia. Ndiyo desturi: kiongozi hupokea mwisho, ili wenzake walale usingizi.

"Mama Ngalula, we hautake yako?" alimtania Adolphine, jirani yake wa meza, aliyepokea wa kwanza akanunua cherehani.

"Yangu iko kwenu. Itakimbilia wapi?"

Haikukimbia. Aliyekimbizwa ni yeye.

Mwaka wa 1993, kazi za mgodini zilipokuwa zimedorora, watu wenye asili ya jimbo la Kasai waliambiwa si wenyeji, warudi kwao. Wazazi wa Ngalula walitoka huko, lakini yeye alizaliwa Kolwezi. Hiyo Kasai hakuwahi kuiona. Vijana walivunja meza yake, wakamtoa nyumbani kwake mchana kweupe. Akajikuta kituoni, miongoni mwa maelfu waliolala chini wakingoja garimoshi, bintiye Tshiela akiungua kwa homa. Dawa zilikuwapo, ila kwa pesa taslimu. Zamu yake ilikuwa mwezi uliofuata.

Alijitanda kitenge usoni, akaenda kwa Adolphine.

"Mama, mutoto anakufa. Nipe hata ya dawa tu. Ingine mubaki nayo."

Adolphine alichungulia barabarani. "Mi sina kitu, mama. Biashara ilikufa. Na bakikuona ku mulango yangu, batachoma nyumba. Enda, tafazali."

"Mulikula bote, mi nikangojea!"

"Najua," alisema Adolphine, akafunga mlango.

Nyumba ya pili hawakumfungulia. Ya tatu, mwanamke alilia kwamba hana kitu, akampa konzi ya karanga. Naye hakuwa mwongo, alikuwa fukara kama wengine. Lakini machozi hayanunui dawa. Ngalula alikuwa amewapima wanawake hao mmoja mmoja, asiwaze kwamba ipo siku wote wangeshindwa kulipa kwa pamoja, na kwamba anayengoja mwisho ndiye aliyewakopesha wote.

Tshiela alikata roho kabla garimoshi halijafika. Mama yake alimzika kando ya reli, akapandishwa behewani mikono mitupu, fungu lake likiwa limetawanyika katika nyumba za Manika. Kweli, fimbo ya mbali haiui nyoka.